Matawi Tuliyoyatandaza Mbwemkuru

"Ikilia, niitazame yenyewe au nitazame barabara?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini. Aliyeuliza alikuwa dereva wa basi, Saidi Mkwanda, mtu wa makamo mwenye miwani ya jua na tumbo lililokwisha kuzoeana na usukani. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya dashibodi ya basi lake, kwenye yadi ya kampuni mjini Lindi, nikibandika kamera kwenye kioo cha mbele. Chini ya kamera palikuwa na skrini ndogo ambayo ingewaka nyekundu, na spika ambayo ingepiga kelele, kila mara mashine itakapoona hatari mbele. Nilikuwa na shahada mpya ya uhandisi na gundi mkononi. Nilimgeukia mkuu wa mradi, ambaye sote tulimwita Daktari, anisaidie.

"Vyote viwili," alisema Daktari.

"Macho ninayo mawili, Daktari," alisema Mkwanda, "lakini huwa yanakwenda pamoja."

Konda wake, kijana aliyeitwa Shaibu, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya mlango. Daktari aliangalia saa. Mimi nikaendelea kubandika.

Nimestaafu. Afisa utumishi alinisahihisha kwamba mtu wa umri wangu hastaafu, anaacha kazi, na fomu zake ni nyingine. Sikubaliani naye. Anayeacha kazi anatafuta nyingine. Mimi nimerudi kwenye mikorosho ya baba yangu Kilangala na sitafuti kitu. Ninyi mnaorithi kompyuta yangu mmeniomba niwaachie "uzoefu". Haya. Vyeo sitavitaja, kwa sababu kila mmoja wenu atavipata kwa kuzeeka tu.

Mradi wetu ulikuwa wa kuwasaidia madereva wa mabasi ya barabara ya kusini kuendesha kwa usalama zaidi. Kamera moja ilitazama barabara, nyingine ilitazama macho ya dereva kuona kama anasinzia, na kisanduku chini ya kiti kiliandika kila breki, kila kona na kila onyo. Programu ya kutambua hatari ilitoka ng'ambo. Ilikuwa imefundishwa katika nchi ambazo mstari wa barabara haufutiki na mbuzi hana shughuli kwenye lami. Wiki ya kwanza ilimtambua mbuzi wa Mchinga kuwa baiskeli. Daktari alisema huo ni mwanzo mzuri, maana hata baiskeli haifai kugongwa.

Nilijifunza vitu vya mkono kabla ya vitu vya akili. Gundi inayosifiwa kwenye boksi huyeyuka kwenye jua la Lindi kabla ya adhuhuri, na kamera huanza kutazama magoti ya dereva. Vumbi la barabara ya Njinjo hupita penye mpira ambao mtengenezaji ameapa haupitishi kitu. Daktari mwenyewe alizaliwa Njinjo. Alipenda kuwakumbusha wageni jambo hilo, na alipenda zaidi kutokwenda huko. Lakini nitampa haki yake: ndiye aliyenifundisha kwamba kabla hujailaumu mashine, futa lenzi. Katika yote aliyonifundisha, hilo tu ndilo bado nalitumia, na ninalitumia kwenye miwani ya baba.

Miwani ya Mkwanda ilikuwa kesi yetu ngumu ya kwanza. Kamera ya macho haikuona kitu nyuma ya vioo vile vyeusi, ikaamua kwamba amelala. Kwa hesabu zake alilala kutoka Lindi mpaka Somanga, akaamka kununua korosho za kukaanga, akalala tena. Nilimwomba avue.

"Nivue miwani, jua linichome macho, ili mashine inione kwamba nina macho?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe umesoma miaka mingapi?"

Hakuvua. Tukaizima kamera ya macho kwenye basi lake, na kwenye taarifa tukaandika kwamba kundi moja la madereva lilikuwa na "mazingira maalumu ya kimwanga". Kundi hilo lilikuwa Mkwanda. Mtakutana na maneno ya aina hiyo kila mahali katika taarifa zetu. Mkiyaona, jiulizeni ni nani aliyekataa kuvua nini.

Hayo yote yalikuwa mchezo mpaka zilipoanza alama. Daktari alitaka kumfurahisha mwenye mabasi, ambaye madereva humwita tajiri, kwa hiyo kila mwezi tukawa tunampelekea alama za madereva wake. Mashine yenyewe ilizitoa: ukikanyaga breki kwa nguvu mahali ambapo haioni hatari, inakukata alama. Tulisema ni kwa ajili ya kujifunza tu. Mweleze mwenye mabasi kwamba ana kipimo cha madereva, halafu mwambie asikitumie. Mkwanda akawa wa mwisho. Mwezi uliofuata akawa wa mwisho tena, kwa mbali, na tajiri akamwambia mbele ya wenzake kwamba akiburuza mkia mara ya tatu atakabidhi ufunguo.

Alikuja ofisini kwetu, chumba tulichopanga karibu na stendi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kukaa.

"Injinia, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, baba. Mashine inasema unakanyaga breki pasipo sababu."

"Mimi sikanyagi breki ovyo. Muulize yeyote kutoka hapa mpaka Ikwiriri."

"Sasa mbona imeandika?"

"Wewe ndiye mama yake, unaniuliza mimi?" Alivua miwani, mara ya kwanza nikayaona macho yake, madogo na mekundu. "Sikiliza. Dereva akifukuzwa na tajiri, watu wanasema tajiri mbaya, anapata basi jingine. Mimi nikifukuzwa na mashine, watasemaje? Mashine haina chuki na mtu. Hakuna atakayenipa usukani tena, na mimi kazi nyingine siijui. Hata kulima sijui. Mke wangu ndiye anayelima."

Nilimwambia nitaangalia. Akavaa miwani, akatoka.

Niliangalia. Nilifungua picha za kamera za kila breki iliyomkata alama, kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya kwa sababu safu ya jedwali ilishasema "hakuna hatari". Picha ya kwanza ilionyesha lami tupu na majani majani. Ya pili, lami tupu na majani majani. Ya tatu nikaacha kunywa chai.

Kwa wale wenu mliokulia mbali na barabara kuu: gari likiharibika njiani, utingo hukata matawi porini na kuyapanga kwenye lami, mbali kidogo na gari, moja moja, mbele na nyuma. Pembetatu za onyo sheria inazitaka, lakini pembetatu huibwa, na matawi hayana soko. Ukiyaona unapunguza mwendo, maana baada ya kona kuna lori limekaa katikati ya njia. Mashine yetu haikuwa na habari hiyo. Kwake jani ni takataka, na lori bado lilikuwa nyuma ya kona. Mkwanda alikuwa anafukuzwa kazi kwa sababu alikuwa anaendesha vizuri.

Mtasema: kwa nini hakulieleza hilo mwenyewe? Kwa sababu kwake halikuwa tukio. Muulize mtu kwa nini jana aliinamisha kichwa mlangoni, atakwambia hakuinamisha.

Niliwaonyesha wenzangu kwenye kikao. Chumba kizima kilikuwa cha watoto wa Lindi, Kilwa na Mtwara. Hakuna hata mmoja aliyeuliza matawi yale ni ya nini. Sote tulijua tangu hatujajua kusoma, na sote kwa miezi tulikuwa tumesoma "hakuna hatari" na kugonga muhuri. Nilitegemea aibu kidogo. Daktari aliegemea kiti, akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Hili ni andiko la mradi," alisema.

"Daktari, kwanza tumwandikie tajiri kwamba alama ni za uongo."

"Tutamwambia mfumo unaboreshwa. Tutaifundisha mashine kuyatambua matawi. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuifundisha mashine matawi."

"Na Mkwanda?"

"Mkwanda atasubiri mfumo."

Tajiri alikubali kusubiri. Ili kuifundisha mashine tulihitaji picha nyingi za matawi barabarani: asubuhi, jua kali, mvua, matawi mabichi, matawi makavu. Kusubiri magari yaharibike kungechukua muda, na wafadhili walikuwa wanataka taarifa. Basi tukayatandaza wenyewe.

Tulichagua mteremko wa kushukia mto Mbwemkuru, penye kona, kwa sababu hapo ndipo malori huchoka kweli. Tulitandaza matawi, tukapita na gari la mradi tukipiga picha, tukayahamisha, tukapita tena. Siku yake ya mapumziko Mkwanda alikuja na panga, akawa anatukatia matawi ya mkorosho kwa bidii ya mtu anayekata kesi yake. Alichagua yenye majani mengi. "Iyaone vizuri huyo mjinga," alisema.

Siku ya kwanza kila gari lilisimama. Dereva wa lori la mbao aliteremka na jeki begani.

"Gari liko wapi?"

"Hakuna gari, kaka. Tunafanya utafiti."

"Utafiti wa nini?"

"Wa matawi."

Alinitazama, akamtazama Mkwanda na panga lake. "Mzee, na wewe umo kwenye majani?"

"Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe," alijibu Mkwanda. "Hii ni dawa yangu."

Wengine walitupa maji ya rejeta. Mama mmoja kwenye gari dogo alituombea dua. Siku za mbele hakuna aliyesimama. Wiki ilipokwisha hakuna hata aliyepunguza mwendo. Walipita juu ya matawi kwa kasi yao, wakipiga honi na kupunga mikono. "Injinia, leo ya mkorosho au ya mpera?" walipiga kelele. Daktari alifurahi sana kwamba magari yamezoea na hayatuharibii tena picha. Tafadhalini rudieni sentensi hiyo polepole. Wahandisi wa usalama barabarani walifurahi kwamba madereva wameacha kupunguza mwendo wanapoona matawi. Tulikuwa watu kadhaa pale kwenye lami, wenye shahada za kutosha kujaza ukuta, na tuliagiza soda.

Mashine ikajifunza. Tuliweka programu mpya kwenye mabasi yote, na mwezi uliofuata Mkwanda akawa katikati ya orodha, mahali pazuri kwa mtu anayetaka kusahauliwa. Tajiri akaacha vitisho, lakini alisema bado anamtazama.

Halafu lori la korosho likakata ekseli kwenye mteremko uleule, chini kidogo ya kona yetu. Utingo alifanya kila kitu kama anavyotakiwa: alikata matawi, akayapanga moja moja mpaka juu. Magari mawili yalipita yakipiga honi na kupunga mkono, yakakwepa lori kwa kubahatisha. La tatu lilikuwa basi la Mkwanda, linarudi Lindi, limejaa.

Nilifika baada ya saa chache. Basi lilikuwa limesimama mchangani nje ya lami, kioo cha pembeni cha kushoto kimeng'oka, na ubavuni lilikuwa na mkwaruzo mrefu kutoka mlangoni mpaka nyuma. Kati ya basi na lori ungeweza kupitisha mkono. Abiria mmoja alikuwa amevunjika kifundo cha mkono. Wengine walikaa juu ya magunia ya korosho wakinywa maji. Mkwanda alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele, amevua miwani.

"Baba, umeumia?"

"Nipe tu dakika," alisema. "Usiniulize kitu."

Sikumuuliza. Nilichomoa kisanduku chini ya kiti, nikakifungua kwenye kompyuta palepale juu ya boneti ya gari la mradi, na simu ya Daktari ikaita kabla sijamaliza kusoma.

"Imetambua matawi?"

"Imetambua."

"Imetoa onyo?"

"Imeandika imetoa onyo."

"Na breki?"

"Mara tu baada ya onyo. Kwa nguvu zote."

"Imefanya kazi," alisema. Hapo ndipo alipouliza kama kuna aliyekufa.

Mnalijua lililofuata, kwa sababu mmelisoma kwenye mabango yaliyo ukutani mwenu. Mabasi mengine yalikuwa yametoa maonyo mengi, lakini hakuna lililokuwa na ushahidi mzuri kama huu: onyo, breki, abiria salama. Tukaandaa warsha. Tajiri alikaa mstari wa mbele. Mkwanda alipandishwa jukwaani kwa suti iliyobana, akapewa cheti cha dereva anayeshirikiana na teknolojia, na mwongoza shughuli akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Mzee wetu, tuambie. Uliposikia ile kengele, ulijisikiaje?"

Mkwanda alimtazama tajiri. Akanitazama mimi.

"Nilishtuka," alisema.

Wakapiga makofi.

"Nilishtuka sana," aliongeza, na wakapiga zaidi.

Tajiri alisimama akampa mkono. Nilijua wakati ule ule kwamba ufunguo haukabidhiwi tena, na nilifurahi kwa dhati. Katika mambo yote tuliyoyafanya ni hilo tu lililonipa furaha isiyo na swali ndani yake. Wakati wa chai nilimfuata kwenye meza ya vitafunwa. Nilitaka kufunga lile la siku ya kwanza.

"Baba, nina deni lako la swali. Siku ile ilipolia, ulitazama skrini au ulitazama barabara?"

Alirekebisha miwani yake.

"Injinia," alisema, "kula sambusa."

Huku nyuma, Mbwemkuru, matawi yalikuwa yameshakufa. Hakuna dereva aliyeyaamini tena kwenye mteremko ule, na utingo si wajinga: wakaanza kupanga mawe. Mawe yanaaminika. Gari likishatengenezwa linaondoka, mawe yanabaki, na pikipiki ya jioni inayakuta. Nililiandika hilo, nikalipeleka kwa Daktari, nikitegemea kwamba mara moja katika maisha yake atakasirika. Akaegemea kiti. Andiko la awamu ya pili liko kwenye kompyuta mliyoirithi, na linahusu kuifundisha mashine kutambua mawe. Barua yangu ya kustaafu niliiandika siku hiyo hiyo.

Mkwanda aliendesha mpaka akachoka, akastaafu kwa fomu zinazotakiwa, na tajiri alimpa cherehani kwa ajili ya mke wake, na hotuba. Sijamwona tangu hapo.

Shaibu, yule konda, nilimwona mwaka huu. Ana duka la vipuri Nangurukuru, amenenepa, ana ndevu. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mpira wa pampu ya dawa za mikorosho. Alinikumbuka kabla sijamkumbuka.

"Dada Injinia. Mmeshawafundisha mbuzi?"

"Nimestaafu."

"Basi nikwambie kitu, maana sasa huna wa kumpelekea." Aliweka mpira wa pampu kaunta, akakaa juu ya tairi. "Mzee naye ameshastaafu, hawezi kunyang'anywa basi."

Akaniambia. Mwezi wa Ramadhani uliotangulia ajali ile, abiria waliofunga walilalamika kwamba spika inawaamsha njia nzima, na Shaibu akaukata waya wake nyuma ya dashibodi kwa mkasi wa kukatia tiketi, akafunika kwa utepe mweusi. Skrini akaitundikia tasbihi na kalenda ndogo. Kwenye mteremko wa Mbwemkuru hakuna kilicholia na hakuna kilichowaka mbele ya macho ya mtu. Kisanduku kiliandika kwamba onyo limetolewa kwa sababu ndicho kilichoagizwa kufanya. Masikio ya kujua kama limesikika hatukukiwekea.

Kilichokuwapo ni bibi mmoja wa Pande aliyepandia kituo cha Hoteli Tatu, akakaa siti ya kwanza nyuma ya dereva, akagombana na kila kitu tangu hapo: mwendo, redio, harufu ya samaki wa jirani yake. Akayaona matawi.

"Majani hayo," alisema bibi.

"Ya injinia hayo, bibi," alisema Mkwanda, hakupunguza, na bibi akamchapa kofi la kisogo lililoangusha miwani, na mguu wa Mkwanda ukashuka kwenye breki.